Namna ya kutubu mpaka ukapona, sio kutubu juu juu

Kuna ile dua wakristo tunaipenda sana, "Ee Mungu nisamehe makosa yangu yote, niliyoyatenda kwa kujua na kwa kutojua, amen." Sekunde kumi ushamaliza, wavuta shuka walala. Mi nimeiomba dua hio karibu miaka mitatu, kila usiku, na kila usiku saa nane niko macho, moyo wanienda mbio kama nimefukuzwa na mbwa. Nikasema pengine Mungu hajanisamehe, nikaongeza maombi, nikaenda mikesha, nikaokoka mara ya pili (eti), nikawekewa mikono mpaka shingo ikauma, na saa nane ni ileile. Sai ndo nimejua shida ilikua wapi. Mungu alikua hana neno, ni mimi nilikua sijamwambia kitu. "Makosa yangu yote" sio kosa, ni gunia, na ndani ya gunia waweza kuficha chochote.

Kwa hivyo haya ni ya mkristo mwenye kitu chake cha zamani kinamkera, kimoja ama vitatu, na ashachoka nacho. Mi sio pasta wala sikusomea biblia chuoni, ni dereva wa tuktuk hapa Malindi.

Nikupe kisa changu kwanza. 2018 nilikua napiga skwodi, yani naendesha gari la mwingine kwa zamu, na pale steji yetu mi ndo nilikua katibu kwa sababu mwandiko wangu wasomeka. Mwenzetu mmoja akagongwa na lori upande wa Gongoni, akakaa hospitali siku nne, akafariki. Mamake ni mjane, na huyo ndo alikua mtoto wake wa kiume wa pekee. Tukachanga. Madereva, makanga, akina mama wa mboga, watu wa boti, mpaka watoto wa kuuza maji walitoa. Zingine ziliingia kwa M-Pesa yangu, zingine mkononi, na mi naandika kwa daftari. Jumla ikawa 23,400. Nikampelekea mama elfu kumi na tano. Zile 8,400 nilikula. Kulikua na deni la nyumba na kulikua na hili na lile, lakini nikianza kukueleza hili na lile nitakua nimeharibu toba kabla haijaanza, kwa hivyo nilikula, basi.

Anza na karatasi

Chukua karatasi na kalamu, sio simu, manake simu yako watu wanaishika na siku moja mtoto atakua anatafuta gemu akutane na dhambi zako. Andika kwa mstari: nani nilimkosea, nini hasa nilifanya, lini, kiasi gani kama ni pesa, na mwisho acha nafasi ya kuandika huyo mtu alipata hasara gani. Hio nafasi ya mwisho utaona huijui. Iache wazi, tutairudia.

Ukiandika jichunge na maneno fulani. "Niliteleza." Hapana, kuteleza ni kwa ndizi. "Shetani alinipitia." Shetani hana laini ya Safaricom, pesa ziliingia kwa simu yangu. "Ilitokea tu." "Ilikua ujana." Haya maneno yote ni ya Adamu, aliulizwa swali moja tu akajibu ni mwanamke uliyenipa, yani kwa sentensi moja amemlaumu mkewe na Mungu mwenyewe. Andika kitenzi chenyewe: niliiba, nilidanganya, nilimpiga, nililala na mume wa mtu, nilitoa mimba, nilimuacha mama akafa bila kumpigia simu. Mkono utakua mzito. Mimi kuandika "niliiba pesa za maiti" ilinichukua jioni nzima, nikiandika "nilichelewesha mchango" nakata, "nilitumia kidogo" nakata, karatasi ikawa kama ya mtoto wa nursery.

Daudi ndo mfano mzuri hapa. Watu wanamkumbuka na Bathsheba lakini hebu soma 2 Samweli 11 polepole uone bidii aliyotia kuficha. Akamrudisha Uria kutoka vitani ili alale na mkewe, Uria akalala mlangoni. Akamlewesha, bado hakuenda. Mwisho akamtuma na barua ya kifo chake mwenyewe mkononi. Kisha maisha yakaendelea, mpaka nabii Nathani akaja na hadithi ya maskini na kondoo wake mmoja, Daudi akawaka hasira kwa ajili ya kondoo! ndo akaambiwa wewe ndiwe mtu huyo. Ona hapo, mtu anaweza kua mkali sana kwa dhambi ya jirani na yake imelala chini ya mkeka.

Ondoa kisicho chako

Hapa tafadhali usiruke. Ukimaliza kuandika, pitia tena uangalie kama kuna kitu umebeba na si chako. Kuna wadada na wakaka hapa pwani walifanyiwa mambo na watu wazima wakiwa watoto, wengine na wageni wenye pesa, wengine na mjomba ndani ya nyumba, na leo wako miaka thelathini wanaenda mbele kanisani kila mwito kuomba msamaha kwa "uchafu" wao. Hio sio dhambi yako. Usiiungame. Ulikosewa, na aliyekosa ni yule. Kinachotakiwa hapo ni kusikilizwa na kutibiwa, na kama ni mtoto aliye hatarini sasa hivi kuna namba 116 ya bure, na ya dhuluma za kijinsia ni 1195. Mtu wa kanisa akikwambia utubu kwa kubakwa, badilisha kanisa.

Pia kuna aibu ambayo sio dhambi. Kufeli mtihani, kuachwa, kufilisika, kuzalia nyumbani. Ile ya mwisho najua mtabishana na mimi, sawa, tendo ni jambo lingine, lakini mtoto sio kosa, usiandike jina la mtoto kwa ile karatasi.

Mwambie Mungu, kwa jina

Sasa ndo uombe. Tafuta mahali uko peke yako na unaweza kutoa sauti. Mimi nilienda ufuoni alfajiri, ilikua msimu wa mvua na mto Sabaki umejaa, maji yote rangi ya chai ya maziwa, magogo yanaelea. Nikasoma Zaburi ya 32 kwanza, "Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa, kwa kuugua kwangu mchana kutwa," nikacheka peke yangu manake ndo saa nane yangu ile, imeandikwa kabla ya simu kuja. Kisha ya 51. Kisha nikatoa karatasi nikasoma kama kortini: niliiba 8,400 za mama fulani, za msiba wa mwanawe, nikamdanganya kua ndo zote.

Neno lile la Kigiriki ambalo kwa biblia yetu ni "kuungama" asili yake ni kusema lile lile, yani wewe useme juu ya kosa lako kile Mungu anasema juu yake, bila kupunguza. Ndo uje kwa 1 Yohana 1:9, "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu, na kutusafisha na udhalimu wote." Hebu angalia, hajasema tukilia sana. Hajasema tukifunga siku arobaini. Tukiziungama. Deni lilishalipwa msalabani, wewe waambiwa ukubali kwamba ni lako.

Na hapa lazima niseme habari ya kwetu. 2023 huko Shakahola, huku huku Kilifi kaunti, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, watu wazima na watoto, wafuasi wa kanisa moja wanaosemekana waliambiwa wafunge mpaka wafe ndo wamuone Yesu. Sisi tulikua tunaona magari yakipita, na barakoa za madaktari tunaziona kwa tv. Wengi waliokwenda kule hawakua wajinga jamani, walikua watu wenye mzigo, na mtu mwenye mzigo akiambiwa kuna njia ya kuutua mara moja anaenda. Kwa hivyo kipimo changu ni hiki: yeyote anayekwambia msamaha una bei, iwe ni njaa, iwe ni mbegu ya elfu tano kwa till namba, iwe ni kuuza shamba, iwe ni kuacha dawa za hospitali, huyo toka kwake leo, usingoje ibada iishe. Kufunga ni vizuri, mi nafunga, lakini nafunga nikiwa nimeshasamehewa na jioni nakula ugali wangu. Zaburi ileile ya 51 yasema anachotaka ni "moyo uliovunjika na kupondeka", na huo huna haja ya kukopa.

Kisha mwambie binadamu mmoja

Mkiwa wakatoliki mna kitubio na kusema ukweli nawaonea wivu. Unachunguza dhamiri, unaingia, unasema, padri anakupa malipizi na ondoleo, na akitoa siri yako kwa makusudi anakua amejitenga na kanisa papo hapo. Sisi wengine tuna Yakobo 5:16, ungameni ninyi kwa ninyi mkaombeane mpate kuponywa, na shida yake ni kuchagua huyo "mwenzio". Wazee wa Uamsho, ule ulioanzia Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Afrika Mashariki yote, walikua wanasimama mbele ya watu wote wanataja, huyu aliiba chuma cha reli, huyu alimdhulumu kaka yake ng'ombe, wanaita kutembea nuruni. Ilisaidia wengi. Lakini wakati huo hapakua na WhatsApp. Leo ukitaja jumapili, jumatatu iko kwa grupu ya wanawake kama "ombi la siri".

Chagua mtu mmoja, mkubwa kwako kwa imani, asiye na faida wala hasara kwa hilo jambo, ambae hujawahi kumskia akikuletea habari za mwingine. Hicho kigezo cha mwisho ndo kikubwa, anaekuletea ya wenzio atapeleka yako. Mimi nilimwendea mzee wetu mmoja wa kanisa, fundi wa makuti, hana maneno mengi. Nilimaliza kuongea akanyamaza kama dakika mbili anasuka tu, akaniuliza, "Na huyo mama yuko hai?" Nikasema yuko. Akasema, "Basi mbona waniambia mimi?"

Yuda Iskariote, ukifikiria, alifanya karibu kila kitu sawa. Alitaja kosa kwa jina, nimeisaliti damu isiyo na hatia. Alirudisha pesa, vipande vyote thelathini. Lakini alipeleka kwa wale makuhani waliomnunua, wakamwambia hayo ni yako mwenyewe, na akatoka hapo akaenda kujinyonga. Alikosea mlango. Na kama wewe unasoma hapa ukiwa na mawazo hayo ya kujitoa, acha kusoma kwanza, mpigie mtu mmoja sasa hivi aje akae nawe, ama nenda hospitali ya karibu useme vile ilivyo. Haya mengine yatangoja.

Kwenda kwa mwenyewe

Haya ndo magumu.

Mama alikua anakaa Shela (ya hapa Malindi sio ile ya Lamu), na jioni anakaanga viazi vya karai na bhajia kibarazani. Ni muislamu. Nilijiuliza sana kama mambo ya toba ya kikristo nimpelekee mtu wa dini nyingine, kisha nikajiona mjinga, manake pesa zake sikuziiba kikristo. Na hapa kwetu hizi dini mbili kukaa kibarazani kuongea habari za Mungu sio jambo la jana. 1542 Fransisko Xaveri, mmisionari mkatoliki, akiwa njiani kwenda India, alishuka hapa Malindi, na kwenye barua yake akaeleza vile mzee mmoja muislamu wa hapa alimlalamikia watu wamepoa, misikiti iko 17 na watu wanasali kwa mitatu tu, akamuuliza na nyinyi kwenu je? Nafikiria Xaveri nae alikua na lake la kusema.

Basi nikafika. Mama ana mwiko mkononi, mafuta yachemka, unga wa dengu umemrukia mpaka kwa kanga. Nikamsalimia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, viazi vya ngapi?" Nikasema sikuja kwa viazi. Nikaanza ile hotuba niliyojipangia njia nzima: "Mama nimekuja kuomba radhi, kama kuna mahali popote nimekukosea..." Akaniangalia. "Kama? Umenikosea wapi?" Nikasema, yani kwa jumla tu mama, binadamu hatukosi. Akageuza viazi. Akasema, "Mimi kwa jumla sina shida nawe. Kama una jambo, liseme."

Hapo ndo nilisema. Nilisema kiasi. Nilisema 23,400, nilisema elfu kumi na tano, nilisema tofauti na ilienda wapi. Mama alitoa vile viazi vyote kwa mafuta, hata havijaiva, akazima jiko, akakaa. Nilitegemea anitukane. Nilitegemea aite vijana. Akaanza kulia lakini sio kilio cha hasira, akasema, "Mie miaka mitatu nakaa nikisema kumbe mwanangu hakua na watu. Elfu kumi na tano, steji nzima, mji mzima. Nikasema kumbe alivyokua akinambia mama mimi napendwa huko, alikua akinifurahisha tu."

Ile nafasi ya mwisho kwa karatasi yangu nilikua nimeiacha wazi. Mi nilidhani nimemuibia 8,400. Kumbe nilimfanya azike mwanawe mara mbili. Na singelijua milele kwa ile dua yangu ya sekunde kumi.

Akaniambia, "Nimekusamehe duniani na akhera. Lakini leo ondoka, usikae." Nikaondoka.

Kwa hivyo ukienda, enda na maneno matatu tu: nilifanya hivi, sina kisingizio, na nitalipa hivi. Usiseme "kama nimekukosea". Usilie kumzidi yeye, manake atalazimika kukubembeleza wewe. Usimtajie Mungu ashakusamehe, kwake yeye hio ni kama kumwambia kesi imeishaamuliwa bila yeye. Usimuombe jibu siku hio, ana haki ya kukataa na ana haki ya kuchukua mwaka. Na usiende na pasta kama askari.

Kuna mahali usiende. Mtu uliyempiga ama kumtesa na amekimbia, usimtafute, kukuona tu ni kuumizwa tena, tuma kitu kupitia mtu anaemwamini na ukikatazwa kaa. Kama ulizini na mume wa mtu, usimwendee mkewe ili wewe upumue, ongea kwanza na yule mtu wako mmoja. Kama ni jinai kubwa tafuta wakili kabla, ukweli utasema tu lakini useme ukijua unasema nini. Na aliyekufa? Andika barua uisome mahali tulivu, kisha umtafute aliye hai wake, mtoto, mdogo wake, umlipe huyo. Kitabu cha Hesabu, sura ya 5, chasema hivyo hivyo karibu, kama mwenyewe hayuko apewe jamaa yake.

Kulipa

Zakayo alisema atarudisha mara nne, na nusu ya mali yake awape maskini, kwa furaha, akiwa amepanda mkuyu siku hio hio. Sisi wa mfuko mdogo tuna Hesabu 5:7, rudisha yote na uongeze sehemu ya tano. 8,400, sehemu yake ya tano ni 1,680, jumla 10,080. Sikua nazo. Nikasema nitaleta 1,500 kila mwezi na ya mwisho 1,080, miezi saba. Lipa hata kama ni mia mia, lakini tarehe isipite, manake siku utakayochelewa ndo utakua umemuibia tena.

Nilipofika kwa ile nyongeza mama akakataa. "Hii ya juu ni ya nini, riba? Mimi riba sili." Nikaanza kumueleza Hesabu sura ya tano, nimesimama hapo, yeye ananikodolea macho. Mwisho akasema sawa, akaipeleka yote sadaka kwa watoto wa chuo, yani madrasa. Kwa hivyo ujue, kurudisha kwataka unyenyekevu hata kwa namna itakavyopokelewa.

Na steji je? Nao niliwaibia, walitoa wakijua zimefika. Nikaita kikao. Ukatibu nikavuliwa hapo hapo, haki yao, mmoja alinitukana mpaka leo hatusalimiani vizuri, na wako wanaoniita "Mweka Hazina" nikipita. Hilo sijaliombea liondoke.

Usiku zitakazokuja

Kumbukumbu haifi kwa sababu umesamehewa. Mi harufu ya mafuta ya viazi bado inanishika kooni. Watu watakwambia "ujisamehe mwenyewe", mi neno hilo silipendi, kwa biblia silioni, na mimi kujisamehe ndo kazi niliyoifanya vizuri miaka mitatu. Afadhali nikumbuke Petro. Alimkana Bwana usiku akiota moto wa makaa, Yohana 18. Kisha Yohana 21, baada ya kufufuka, wavuvi wanatoka baharini alfajiri wanakuta Yesu amewasha moto wa makaa na samaki juu yake. Moto uleule. Harufu ileile. Yesu hakuuzima amuepushe Petro na kumbukumbu, alimkalisha karibu nao, akamlisha kwanza, ndo akamuuliza mara tatu. Sa mimi nikiamka saa nane siombi tena lile ombi la gunia. Nasema, Bwana ile ya 8,400 ulishaichukua, nashukuru, kisha nageuka upande wa pili. Siku zingine usingizi waja, siku zingine nakaa mpaka adhana ya alfajiri niwashe tuktuk.

Na mwezi wa saba, nikipeleka ile 1,080, nilibeba daftari la ule mchango. Nilikua nalo bado, sijui kwa nini sikulichoma. Nikamwambia mama nimekuletea majina. Hajui kusoma vizuri herufi zetu, anasoma Kiarabu, kwa hivyo nikakaa kibarazani nikamsomea. Fulani wa mboga mia mbili. Fulani wa boti elfu moja. Watoto wa maji, kwa pamoja, themanini. Kila jina aniuliza huyo ni yupi, mrefu? mwenye pengo? na akimkumbuka anatikisa kichwa, "Alikula hapa kwangu huyo." Kurasa mbili na nusu. Jua lilikua lishazama wakati nafika mwisho, viazi havijakaangwa siku hio, wateja wanafukuzwa.

Nikafunga daftari. Akaniuliza, "Na wewe? Wewe ulitoa ngapi?"

Jina langu lilikua hapo, la kwanza juu, na mbele yake mia tano, kwa mwandiko wangu mzuri, nilijiandikia mwenyewe ili wengine wafuate. Nilikua nimeliruka nikisoma. Hio mia tano sikutoa hata siku moja, na kwa ile karatasi yangu ya dhambi haikuwepo.

Nikafungua daftari tena, nikamsomea.